Mwalimu Aliyerudi Kusoma: Maisha ya Julius Kambarage Nyerere na Uchaguzi wa Masomo ya Ualimu

Wanachuo wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Karatu na Ngorongoro hukutana huko na walimu wa Kiingereza waliokwisha kushika chaki kwa miaka kumi, kumi na tano, au zaidi. Walimu hao wanajua kazi. Wanajua ni sentensi ipi itamshinda mtoto wa darasa la nne, na ni mchezo upi utakaomfungua ulimi. Hata hivyo wengi wao wamo katika mashaka. Wanajiuliza kama inafaa warudi masomoni, na kama inafaa, wachague nini: stashahada ya ualimu, shahada ya elimu, shahada ya lugha yenyewe, au kozi ya kufundisha Kiingereza katika nchi ya ng'ambo. Ni dhahiri kwamba swali lao la leo litakuwa swali la mwanachuo wa leo baada ya miaka michache.

Badala ya kulijibu swali hilo kwa maagizo matupu, tumeona vema kueleza maisha ya mwalimu mmoja aliyesimama katika njia panda hiyo hiyo. Mwalimu huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Wengi wetu tunamfahamu kama kiongozi wa Tanganyika na baadaye wa Tanzania, na jina la Mwalimu tumelizoea hata tumesahau kwamba kwake lilikuwa kwanza jina la kazi. Hapa tutamtazama kama mtu wa kazi yetu: aliyepata cheti, akafundisha, akatoka kwenda kusoma ng'ambo akiwa tayari mwalimu mzoefu, kisha akarudi darasani.

Mtoto wa lugha tatu

Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili, 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Hakuanza shule mpaka alipokuwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, alipopelekwa kwenye shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma. Huko masomo yalitolewa kwa Kiswahili, na mtoto Kambarage alilazimika kujifunza lugha ya kufundishwa wakati ule ule aliokuwa akijifunza mambo yaliyofundishwa kwa lugha hiyo.

Mwaka 1937 alikwenda shule ya serikali ya Tabora, ambako alikaa hadi mwaka 1942. Hiyo ilikuwa shule mashuhuri kuliko zote za Waafrika katika Tanganyika ya wakati huo. Huko Kiingereza kilikuwa lugha ya masomo, ya amri na ya midahalo. Basi kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amevuka mito miwili ya lugha: kutoka Kizanaki hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza.

Tunawaomba wanachuo walitie jambo hili moyoni, maana linawahusu watakaofundisha Karatu na Ngorongoro kuliko wengi wengine. Katika wilaya hizo mbili mtoto aweza kufika shuleni akisema Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga, au Kihadza kama yule wa bonde la Ziwa Eyasi. Kizanaki ni lugha ya Kibantu, nacho Kiswahili ni cha Kibantu. Kwa hiyo mto wa kwanza alioruka Nyerere haukuwa mpana sana. Ngeli, viambishi na maneno mengi yalifanana. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni vya Kiniloti. Kihadza, chenye sauti za kudata ulimi, kinasimama peke yake. Mtoto wa lugha hizo anaruka mto mpana zaidi anapoingia katika Kiswahili, na Kiingereza humjia kama lugha ya tatu akiwa bado hajakausha miguu. Mwalimu asiyelijua hilo humwita mtoto mzito wa kichwa. Alijuaye hupunguza kasi, akaongeza mazoezi ya kusikiliza na kutamka kabla ya kuandika.

Cheti cha kwanza

Mwaka 1943 Nyerere aliingia Makerere, nchini Uganda, na mwisho wa mwaka 1945 alitoka na stashahada ya ualimu. Hapo hapo Makerere alianza kuonyesha kwamba alikisoma Kiingereza kwa shabaha ya kukitumia katika mambo yaliyomgusa: mwaka 1944 aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake, akayapima mawazo ya mwanafalsafa John Stuart Mill kwa mizani ya maisha ya wanawake wa kwao.

Hapana budi kueleza kwamba Makerere ya miaka hiyo ilikuwa haijaanza kutoa shahada. Kijana wa Afrika Mashariki aliyetoka pale alikuwa amefika mwisho wa ngazi iliyokuwapo nyumbani. Karatasi yake ilitosha kumfanya mwalimu. Haikutosha kumpa cheo sawa na mwalimu aliyetoka Ulaya, hata kama walisimama mbele ya darasa moja. Ndiyo maana, kwa mwalimu Mwafrika wa kizazi chake, kutafuta sifa zaidi kulikuwa na maana ya kusafiri.

Baada ya Makerere alikuwa na njia mbili. Aliweza kufundisha katika shule ya serikali pale Tabora, alikosoma yeye mwenyewe, au katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, mjini humo humo, iliyokuwa chini ya Mapadri Weupe. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba wakubwa wa serikali walimkumbusha kuwa miaka atakayofundisha misheni haitahesabiwa katika malipo yake ya uzeeni, na kwamba ukumbusho huo ndio uliomkata shauri achague misheni. Kijana huyu hakupenda kununuliwa.

Miaka mitatu ya chaki

Alifundisha shule ya Mtakatifu Maria tangu mwaka 1946 hadi mwaka 1949. Somo lake kubwa lilikuwa Bayolojia. Saa za jioni aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo, nje kabisa ya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wakati huo huo alishiriki katika midahalo, na katika tawi la Tabora la chama cha Waafrika wa Tanganyika.

Tunaona hapa jambo ambalo vitabu vya mbinu hulisema kwa maneno mengi. Mwalimu mchanga huyu alifundisha aina mbili za wanafunzi. Mchana alikuwa na vijana waliochaguliwa kwa mtihani, waliokwisha kukizoea Kiingereza. Jioni alikuwa na watu wazima, wenye kazi zao na uchovu wao, waliokuja kwa sababu waliona kwa macho yao kwamba asiyejua lugha ya mtawala hudhulumiwa dukani, ofisini na mahakamani. Darasa la namna hii ya pili humfunza mwalimu mwenyewe. Mtu mzima asiyeelewa haogopi kuondoka. Ukimwona amerudi kesho, ujue umefundisha.

Kwa hiyo Nyerere aliyefikiri kwenda Uingereza hakuwa mwanafunzi aliyetoka kwenye dawati kuingia kwenye dawati jingine. Alikuwa mwalimu mwenye miaka mitatu ya kazi, mwenye wanafunzi waliomtegemea, na mwenye maswali ambayo darasa lake lilikuwa limeyaleta.

Njia panda

Padri Richard Walsh, mkuu wa shule ya Mtakatifu Maria, ndiye aliyemhimiza aendelee na masomo. Safari yenyewe haikuwa nyepesi. Kwanza ilimbidi kufanya mtihani wa kuingilia Chuo Kikuu cha London, naye akaufaulu mapema mwaka 1948 katika daraja la pili. Kisha akaomba fedha katika mfuko wa serikali ya Uingereza wa maendeleo ya makoloni. Mara ya kwanza alinyimwa. Akaomba tena, na mwaka 1949 akapewa.

Palikuwa na kizuizi kingine ambacho kila mwalimu wa leo atakitambua. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1942. Mama na wadogo zake walitazamia mshahara wake. Alisitasita kuondoka kwa sababu hiyo: miaka mitatu ng'ambo ilikuwa miaka mitatu ya kuwapunguzia ndugu zake msaada. Tunaitaja habari hii kwa makusudi. Mara nyingi maisha ya wakubwa huelezwa kana kwamba walikwenda mbele bila mzigo mgongoni. Nyerere alikuwa na mzigo kama ule alio nao mwalimu wa Endabash au Nainokanoka anayelipa ada za wadogo zake, na alilipima jambo la masomo pamoja na mzigo huo.

Lilibaki swali la nini cha kusoma. Walimu wa Afrika Mashariki wa wakati ule waliopata nafasi ya kwenda Uingereza waliweza kusomea ualimu zaidi, yaani kuongeza mbinu juu ya mbinu. Wengine walisomea somo walilofundisha. Nyerere alikuwa mwalimu wa Bayolojia, na mwanzoni mguu wake ulielekea upande wa sayansi. Aliwasili Uingereza mwezi Aprili, 1949, akaenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, akaanza kozi fupi ya kemia na fizikia. Wakati huo huo alifanya na kufaulu mtihani wa Kiingereza wa kuingilia vyuo vikuu vya Uskoti. Lakini chuo kikuu kilipofunguliwa mwezi Oktoba aliandikishwa katika kitivo cha sanaa.

Mabadiliko hayo yanastahili kutafakariwa. Kwa hesabu ya karibu, kuendelea na sayansi kungelingana na kazi aliyoiacha Tabora. Kwa hesabu ya mbali, maswali yaliyomsumbua Tabora hayakuwa ya maabara. Yalihusu kwa nini nchi moja hutawala nyingine, mali hutoka wapi na huishia wapi, sheria hupata wapi nguvu, na watu wanaishije pamoja. Alichagua masomo yaliyoyafuata maswali yake.

Edinburgh

Katika mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, na elimu ya jamii na mila za watu. Mwaka wa pili alisoma historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Mwaka wa tatu alisoma sheria za katiba na falsafa ya maadili. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache sana kutoka makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki waliokuwa wakisoma Uskoti wakati huo. Alama zake hazikuwa za kutangazwa barazani, ila alifaulu masomo yote, na mwezi Julai, 1952, akapewa shahada ya M.A.

Hapa inafaa tuwaonye wanachuo kuhusu majina ya vyeti. Katika vyuo vikuu vya kale vya Uskoti, shahada ya kwanza ya sanaa huitwa M.A.; penginepo herufi hizo hizo huonyesha shahada ya pili. Aliyeisikia tu angedhani Nyerere alipanda ngazi mbili kwa mara moja. Mwenyewe alijua alichosoma. Siku hizi majina ya kozi za kufundisha Kiingereza ni mengi zaidi, na baadhi hutolewa kwa majuma machache, nyingine kwa miaka mitatu, huku matangazo yake yakifanana. Mwalimu mwenye busara huuliza maswali manne: masomo gani yamo ndani, muda gani, kuna mazoezi ya kufundisha yanayosimamiwa au hakuna, na mwajiri wangu anakitambua cheti hicho au hakitambui. Jina liwe la mwisho kutazamwa.

Jambo jingine husahauliwa na wengi. Baada ya kupata shahada Nyerere hakupanda meli mara moja. Alipata nafasi fupi, kwa msaada wa British Council, ya kutembelea taasisi za elimu nchini Uingereza, akiwa na makao yake London. Mwalimu huyu alikuwa ameshiba nadharia kwa miaka mitatu, lakini aliona bado kuna haja ya kutazama namna shule za wengine zinavyoendeshwa kabla ya kurudi kwake. Alifika Dar es Salaam mwezi Oktoba, 1952.

Kurudi darasani

Mwezi Januari, 1953, alimwoa Maria Gabriel, naye pia mwalimu. Mwaka huo alianza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransis, Pugu, yapata kilomita 20 kutoka Dar es Salaam. Alifundisha historia. Basi matunda ya uchaguzi wake yalianza kuonekana: aliyekwenda akiwa mwalimu wa viumbe vyenye uhai alirudi akiwa mwalimu wa mambo ya watu.

Lakini masomo yale yalimvuta nje ya darasa vilevile. Mwezi Aprili, 1953, alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, na tarehe 7 Julai, 1954, chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Mwezi Machi, 1955, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea nchi yake, na alitumia kwa ustadi lugha aliyoanza kujifunza akiwa kijana wa Tabora. Aliporudi ilikuwa wazi kwamba kazi mbili haziwezi kukaa katika mikono miwili ya mtu mmoja. Akajiuzulu ualimu wa Pugu.

Hata hapo hakuiacha kazi ya kufundisha lugha mara moja. Alirudi kwao na kwa muda alipata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri mmoja wa shirika la Maryknoll, na kwa kutafsiri. Mwenye shahada ya Edinburgh aliketi na mwanafunzi mmoja, akamwonyesha neno baada ya neno lugha ambayo haikuwa na mtihani wala cheti. Sisi tunaofundisha walimu tunalipenda sana fungu hili la maisha yake.

Mwalimu wa taifa na deni la walimu

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na Nyerere akaiongoza, isipokuwa kwa sehemu kubwa ya mwaka 1962, mpaka alipong'atuka urais mwaka 1985. Miezi michache kabla ya uhuru, Septemba, 1961, alitoa mjini Arusha tamko la kuwalinda wanyama wa porini. Hivyo mwanachuo anayepita lango la Ngorongoro hupita pia katika jambo ambalo mwalimu huyu aliweka ahadi yake juu yake. Akiwa Ikulu alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Fasihi aliyoisoma mwaka wa kwanza kule Edinburgh ilirudi nyumbani kwa njia hiyo.

Mwezi Machi, 1967, alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alisema humo kwamba shule ya msingi isiwe ukumbi wa kusubiria sekondari, bali iwe elimu kamili kwa mtoto atakayebaki kijijini. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, chama kiliamua kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wamepata nafasi ifikapo mwaka 1977, miaka mingi kabla ya wakati uliokuwa umepangwa.

Hapo ndipo tunapokutana na neno gumu katika maisha haya, nasi hatuna sababu ya kulipita kimyakimya. Nafasi za watoto ziliongezeka kwa haraka kuliko walimu. Serikali iliwachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka shuleni, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kusomea ualimu sehemu nyingine, kwa msaada wa redio na masomo ya posta. Wakaitwa walimu wa UPE. Mtu aliyehitaji Tabora, Makerere na Edinburgh ili aridhike na maandalizi yake aliwakabidhi watoto wa taifa kwa vijana ambao hawakupata hata sekondari.

Je, alikosea? Tukiangalia upande mmoja, watoto ambao wasingeona ubao maishani mwao waliuona, na wengi wa vijana wale walikuwa walimu wema walioendelea kujisomesha hatua kwa hatua. Tukiangalia upande wa pili, masomo kadhaa yaliumia, na Kiingereza kiliumia zaidi. Hesabu aweza kuifundisha kijana aliyeijua vizuri darasa la saba. Lugha ambayo mwalimu mwenyewe haisemi hawezi kuisemesha kwa mwingine. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari wa Tanzania, wakaona kwamba wengi hawakuwa na lugha ya kutosha kujifunzia masomo mengine. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilikuwa imekwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kama lugha ya kufundishia. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Nyerere mwenyewe, aliyekitukuza Kiswahili kuliko kiongozi yeyote, alishikilia kwamba Kiingereza kisiachwe, kwa kuwa duniani kina nafasi inayofanana na ya Kiswahili kwetu.

Deni hilo halijaisha kulipwa. Kila mwalimu wa shule ya msingi anayeamua kurudi kusoma ili akijue Kiingereza vizuri zaidi analipa sehemu yake. Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa Butiama. Kazi ya kuwapa watoto wote mwalimu aliye tayari, badala ya mwalimu aliyepatikana tu, ameiacha mikononi mwa vyuo kama hiki.

Mafunzo kwa mwalimu wa Karatu na Ngorongoro

Tukiyakusanya maisha haya, tunaona mambo ambayo mwalimu mzoefu aweza kuyafuata anapochagua masomo.

La kwanza, afundishe kwanza. Nyerere alipokwenda Edinburgh alikuwa na miaka mitatu ya darasa nyuma yake. Mwalimu aliyekwisha kuona watoto wa Kiiraqw wakiyachanganya matamshi, au watoto wa Kimaasai wakikosa miezi ya masomo kwa sababu ya kuhama na mifugo, huingia chuoni na maswali. Asiye na maswali hupewa majibu ya watu wengine.

La pili, atofautishe upungufu wake. Kuna mwalimu anayejua mbinu lakini Kiingereza chake kimechoka. Huyo hatasaidiwa na kozi ya mbinu, anahitaji lugha yenyewe. Kuna mwingine anayekisema vizuri, labda kwa kuwa amekua kandokando ya barabara ya watalii, lakini darasa lake la watoto 70 halisongi mbele. Huyo anahitaji mbinu na mazoezi yanayosimamiwa. Kuwapa wote wawili cheti kimoja ni kumpa mgonjwa wa jino dawa ya jicho.

La tatu, apime mzigo wa nyumbani bila aibu. Kozi ya ng'ambo yaweza kuwa nzuri, na yaweza kumwacha mama yake na deni. Masomo ya jioni, ya likizo au ya masafa hayana sifa ya safari, lakini mwalimu huyarudisha darasani kesho yake asubuhi, na kuyajaribu.

La nne, kabla ya kukata shauri atembelee shule nyingine. Toka Karatu mjini hadi Mang'ola si mbali, na walimu wa huko wamebuni njia zao. Nyerere alitembelea shule baada ya shahada. Mwalimu wetu aweza kuanza hata kabla.

La mwisho, ajiulize kwa ukweli kama anakitafuta cheti ili arudi darasani au ili aondoke. Hatulaani kuondoka, Nyerere mwenyewe aliondoka Pugu, na nchi ilifaidika. Lakini aliondoka baada ya kurudi na kufundisha alichojifunza, na alipoondoka alijua anaacha nini. Mwalimu wa Kiingereza wa Karatu, ambaye hoteli na makampuni ya kuongoza watalii huweza kumwita siku yoyote, anastahili kulifikiri jambo hilo kabla ya kujaza fomu. Mtoto wa darasa la tatu pale Olbalbal hana njia nyingine ya kukisikia Kiingereza kilichonyooka ila mdomo wa mwalimu wake.

Mambo ya kujadiliana

1. Andika lugha zinazosemwa nyumbani na wanafunzi wa darasa ulilofanyia mazoezi. Kila lugha inamletea mtoto ugumu gani katika matamshi ya Kiswahili, na ugumu gani katika matamshi ya Kiingereza?

2. Nyerere aliacha sayansi akachagua sanaa. Je, mwalimu achague masomo yanayolingana na kazi aliyo nayo au na kazi anayoitazamia? Toeni sababu za pande zote mbili.

3. Zungumza na mwalimu mmoja aliyeanza kazi wakati wa UPE, au na mtu aliyefundishwa naye. Ni msaada gani angeuhitaji katika mwaka wake wa kwanza wa kufundisha Kiingereza, na chuo chetu chaweza kumpa nani msaada huo leo?